Futari na Majivu

Mwanangu, umenipigia simu usiku wa manane
kuuliza kama watu wawili lazima wapige magoti upande mmoja.
Hukutaja jina la huyo kijana. Nimelisikia hata hivyo,
kwa namna ulivyolitamka neno "watu".

Nikupe nini? Nina mwaka mmoja tu wa kukupa,
wa tisini na tatu, Ujiji, nyumba ya bati lenye kutu
nyuma ya soko, ambako harufu ya mawese
haikutoka hata kwenye madaftari yetu.
Mwezi uliandama Jumatatu,
Jumatano ikawa ya Majivu.
Babu yako Hamimu alikuwa na swaumu.
Bibi yako Godeliva alikuwa na mfungo wake.
Sisi watoto tulikuwa na njaa ya pande zote mbili.

Jioni bibi alirudi kutoka zamu, hospitali ya Maweni,
msalaba wa majivu bado uko pajini mwa uso.
Babu yuko mkekani, tende mkononi, anangoja adhana.
"Una masizi," akasema, na mkono ukanyanyuka kumfuta,
kama alivyozoea kumfuta unga wa muhogo, jasho, hata chozi.
Mkono ukafika nusu.
Ukabaki hewani.
Adhana ikaanza. Mkono ukarudi kwenye tende,
ukaipasua, ukampa kipande.
"Mlo wangu wa leo nimeshakula," bibi akasema,
akakifunga kipande kile kwenye pindo la kanga.

Usidhani nakuchorea picha ya kutundika ukutani.
Bibi yako alikaa benchi la nyuma miaka kumi na tisa.
Majivu hayakumkataa; mkate ndio uliomkataa,
kwa kuwa ndoa yao ilifungwa bomani,
mbele ya karani aliyekuwa akipiga miayo.
Wenzake wakiinuka kwenda kukomunika
yeye aligeuza magoti pembeni wapate kupita.
Kwa adabu. Kila Jumapili. Magoti yale siyasahau.
Na shangazi Mwamini, akija kututembelea,
alikuja na birika lake mwenyewe.
Kadi zetu za kliniki, penye "Dini",
ziliandikwa kwa penseli.
Yangu niliipitishia wino nilipotimiza kumi na minane.
Mjomba wako Yasini naye akaipitishia yake.
Kalamu ilikuwa moja, tuliazimana.

Babu alipofariki, wanaume walitoka na jeneza mbiombio.
Bibi alibaki uani na wanawake,
hajui alie kwa dua ipi,
akashika kopo la mchele, akapima, akamwaga, akapima tena.
Mkate alirudishiwa akiwa mjane.
Hakutuambia ulikuwa na ladha gani.

Basi nikukataze? Ngoja kwanza.
Mimi na baba yako tuna parokia moja, padri mmoja,
kwaya moja, yeye sauti ya nne, mimi ya pili.
Kuna mwaka tulisali rozari kila usiku, miezi saba,
bila kutazamana.
Nilijua idadi ya punje.
Sikujua kwamba alishafukuzwa kazi.
Niliambiwa na muuza mkaa.

Kwa hiyo usiniulize kuhusu Mungu, mimi si bawabu wake.
Muulize huyo kijana mambo madogo.
Birika litakuwa la nani.
Penseli atashika nani, na wino utaruhusiwa lini.
Siku ya kuzika, wewe utakaa wapi.
Akikujibu upesi upesi, ogopa.
Mwangalie mkono wake ukifika nusu:
unakwenda wapi baada ya hapo,
na unarudi na nini.

Na ukipiga tena, piga mchana.
Usiku huwa sisikii vizuri,
au nasikia mno.