Nne Inayofanana na Nane

Kamera ya simu ilisoma daftari la marehemu baba
ikaandika: Howlader, magunia 8 ya mpunga.
Howlader akaja dukani, kandambili mkononi,
tope la Barisal hadi magotini.
"Nane? Mimi nilikopa nne!"

Alikopa nne. Nne yetu, ৪,
ni maduara mawili yaliyobebana;
mgeni huiona nane, hata akaapa.

Nikafuta. Nikabonyeza nne ya Kibengali.
Ndani ya kompyuta haina umbo,
ni chumba nambari 2538 tu,
sifuri yuko 2534,
na wengine wamepanga foleni hadi tisa.
Humo hamna jicho la kudanganyika.
(Ila tazama mkiani mwa nambari ya chumba:
nane ileile, inatucheka.)

Hata alama ya ana mbili, ৵,
sarafu iliyozikwa kabla sijazaliwa,
baba akaing'ang'ania kwenye pambizo,
nayo ina chumba chake.
Angeuliza kodi analipa nani.

Howlader akasoma kioo, akarudia,
akalipa manne,
kisha akadai risiti
ya mkono,
kwa wino.