Yai la Alhamisi

Pampu yetu ilikufa mwezi wa sita.
Kilichoiua ni kipira, upana wa kifuniko cha soda,
bei yake Dodoma mjini shilingi elfu nne.

Elfu nne.
Kaya mia moja na kumi na mbili, nyuma ya vilima vya Mvumi,
na elfu nne ikatushinda miezi saba.

Msidhani hatukuwa nayo.
Ya kwanza iliondoka na mhazini, tukasikia yuko Gairo.
Ya pili ikawa posho ya kikao cha kuijadili ya kwanza.
Ya tatu hakuna aliyetoa,
na nani angemnyooshea nani kidole?

Tukarudi korongoni kufukua mchanga.
Wanawake wanatoka saa tisa za usiku,
punda mbele, madumu ya njano yakigongana,
wanarudi na maji ya chumvi yanayonuka ng'ombe.
Tukaandika barua wilayani.
Tukaandika nyingine kuiulizia ile barua.
Wakaja watu na gari, wakatupanga kando ya pampu,
wakatupiga picha
kama ndugu wa marehemu.

Ndipo Mbeleje, akiendelea kupeta uwele,
hata hakusimama, akasema:
"Umaskini tunausingizia. Shida ni mfuko.
Noti ikishaingia mfukoni haina sura,
yangu na yako zinafanana.
Leteni yai.
Moja kila kaya, kila Alhamisi, kwenye ungo, mchana kweupe.
Yai halikunjwi. Halikai kwenye soksi.
Atakayeiba mayai atatembea kama mjamzito,
tutamwona."

Wanaume tulicheka.
Mimi, fundi baiskeli, nilicheka kuwapita wote,
ndiyo maana nikapewa daftari.

Alhamisi ya kwanza: mayai kumi na tisa.
Manne viza.
Kumi na tano nikayalaza kwenye makapi ya uwele,
nikayafunga nyuma ya baiskeli hadi barabara kubwa,
kila shimo la njia nikilishuka kama ninabeba mgonjwa.
Mia nne kila moja: elfu sita.
Kipira, na chenji ya elfu mbili.
Kukifunga kulinichukua dakika ishirini.

Sikulala usiku ule. Miezi saba!

Alhamisi ya pili mke wa Ndahani alileta yai la kanga.
Kikao kizima: je, la kanga ni yai?
Likapita kwa kura.
Bibi Nhonya, asiye na kuku wala mtu,
alileta konzi ya karanga.
"Andika yai," akasema Mbeleje.
Nikaandika yai.
Masaka, mwenye ng'ombe wasiohesabika, hajaleta hata moja,
ila kila Alhamisi alfajiri
lipo juu ya dari la tembe langu, bado vuguvugu, halina jina.
Naandika yai.

Nati, mnyororo, mpini mpya.
Kisha nauli ya Sechelela, uchungu ulipomshika usiku.
Kisha kufuli, tukagundua hatulihitaji, tukaliuza.

Halafu ukaingia mdondo.
Kuku walisinzia asubuhi, jioni wakawa manyoya.
Kijiji kikakosa jogoo, tukachelewa kuamka.
Mbeleje alikuwa amesema tununue chanjo,
sisi tukasema kwanza tujenge uzio.
Uzio upo. Mzuri sana.

Alhamisi ile nilikwenda na daftari kwa mazoea tu,
nikijua nitaukuta ungo peke yake.
"Mbukwenyi," nikasema, na sauti ikanikwama.
Walikuwa wamekaa wote,
mikono mitupu juu ya magoti,
ungo katikati, mweupe, hauna kitu.
Masaka naye, pembeni, anaangalia viatu vyake.

"Niandike nini?" nikamuuliza Mbeleje.
Akawatazama kwa zamu, midomo ikihesabu.
"Andika tumekuja wangapi."

Nikaandika: tisini na saba.
Nyuma yetu pampu ilikuwa inavuja kidogo,
tone, tone,
nikaenda kukaza nati.