Mwandika Wasifu, Mwanjelwa

Wanakuja saa nne, ukungu wa Loleza ukishapanda,
bahasha ya kaki kwapani, viatu vimefutwa kwa maji.
Wauguzi, matabibu, watu wa maabara,
wa mwaka jana, wa mwaka juzi,
na mmoja wa mwaka ambao hapendi kuutaja.
"Kaka Ambakisye, nibadilishie tarehe tu."
Tarehe tu. Mia tano kwa ukurasa, nakala ya cheti mia,
muhuri wa wakili ni ghorofa ya juu, huko sina punguzo.

Mimi sikusomea dawa. Nimesomea wasifu.
Nayajua kwa moyo tunayoyaandika wote:
ninajituma, ninahimili shinikizo,
ninashirikiana vema na wenzangu.
Umeme ukikatika katikati ya "ninajituma"
tunakaa gizani, mimi na mwombaji,
tukisikiliza wauza parachichi wakigombea ndoo.

Tusekile nimemwandikia mara nane.
Mara ya tatu aliitwa kwenye usaili Iringa,
akaazima koti la shangazi yake wa Uyole,
akaulizwa, "Udhaifu wako ni upi?"
Akawajibu kweli: "Nikichoka, nakuwa mkimya."
Akarudisha koti.
Nikamfundisha: siku nyingine sema
udhaifu wako ni kuipenda kazi kupita kiasi.
Alinitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji.

Juni, bomba linapouma vidole,
mwanangu Lwitiko alianza kuvuta pumzi kwa shida,
mbavu zikizama, zikizama.
Saa saba usiku nilimbeba hadi zahanati,
na aliyefungua mlango ni yeye, mwenye zile barua,
anajitolea mwezi wa kumi na moja huu,
nauli yake, chai yake.

Alinawa kwanza. Maji yale! Nilitetemeka mimi.
Akapasha viganja kwa pumzi
kabla hajamgusa mtoto.
Akainua shati, akahesabu dakika nzima,
macho kwenye saa, midomo ikienda bila sauti;
nilipotaka kusema neno, aliinua kidole kimoja.
Kisha akamwambia Lwitiko, si mimi, Lwitiko:
"Sindano itauma mpaka tano. Tuhesabu."
Iliuma mpaka saba. Akamwomba radhi kwa zile mbili.

Kitanda cha pili, bibi mmoja wa Rungwe
alielezwa vidonge vyake kwa Kinyakyusa,
akatakiwa arudie, akakosea,
akaelezwa upya, sauti ileile.
"Ndaga," akasema bibi, akalala.
Alfajiri mpokea zamu alisomewa kitanda kwa kitanda,
hakuna kilichorukwa, hata benchi langu:
"Na huyu baba hajala tangu jana."

Jumatatu nilifungua faili lake.
Nikafuta ninajituma. Nikafuta shinikizo.
Nikaandika: Hupasha mikono kabla ya kumgusa mgonjwa.
Huhesabu pumzi dakika nzima, hahesabu nusu akazidisha.
Hamwachi mgonjwa mpaka mgonjwa ameelewa.
Akikosea, huomba radhi, hata kwa mtoto.
Hukabidhi zamu kama mtu anayelipa deni.

Alikuja, safari ya tisa, akasoma amesimama.
"Kaka, hili la radhi litoe, wataniona mkosaji.
Na la mikono, mbona kila mtu hufanya."
Si kila mtu, nikasema.
Tulibishana, foleni nyuma yake ikinuna.
Radhi ikatoka. Mikono ikabaki.
Akauliza bei. Nikamwambia leo mashine
imesahau kuhesabu.

Barua moja imekwenda Makete, nyingine Chunya.
Hawajajibu.
Lwitiko anakimbiza kuku wa jirani.

Nami siku hizi, kabla sijagusa kibodi,
namuuliza kila anayeketi:
zamu yako ya mwisho, ulipoingia wodini,
ulifanya nini kwanza?
Wengi hunyoosha mkono kwenye bahasha
kunionyesha cheti.
Nasema, kiweke.
Nasubiri.