Bure

Karatasi iligandishwa mlangoni, chini ya namba za vyumba,
kwa lugha sita, moja imekosewa herufi:
Jumamosi mtaa unafungwa. Chakula bure. Kunyolewa bure.
Baiskeli mbovu leteni, bure.

Bibi Vasiliki wa ghorofa ya chini aliisoma mara mbili
kwa miwani iliyoungwa kwa plasta,
akasema, kwa Kifaransa chake cha miaka arobaini ya cherehani:
cha bure kina mkia, ngojeni muuone.
Lakini ndiye aliyetangulia kutoa viti,
viti saba, kila kimoja na utepe wa jina lake,
visije vikapotea kwa wema.

Nimelala na neno hili, nimeamka nalo.
Kwetu lina nyuso mbili na mwili mmoja:
nimekupa bure,
nimehangaika bure.
Waliolitunga hawakuona haja ya kulipasua.

Basi Jumamosi ikafika, Montréal, joto la kuyeyusha lami.
Rose-Merline na kabichi yake ya pilipili, inayokutoa machozi
hata kama huna wa kumlilia.
Harjinder na chai iliyochemka mpaka ikawa rangi ya tofali,
akimimina, akimimina, hata kwa polisi wa zamu.
Kugan na nduguye wakigombea spika.
Na Jean-Simon wa manispaa, kizibao rangi ya limau,
akituhesabu kwa kidude cha kubofya:
mia mbili kumi na wanne, kumi na watano,
na mtoto aliyerudia jalebi
akawa watu wawili.

Chini ya ngazi ya chuma, Shafiqul na spana zake.
Tangu asubuhi alikuwa hajainua kichwa.
Pancha, breki, pancha.
Mikono myeusi hadi kwenye viwiko, bei sifuri.

Saa nane lori likapiga honi kwenye vizuizi.
Jean-Simon akakimbia: leo hakupitiki!
Dereva akamwonyesha karatasi.
Mosi Julai, siku mji mzima unapobadilishana funguo.
Jina: Shafiqul Mridha. Chumba: cha tatu.

Hatukujua.
Kodi ilikuwa imepanda ngazi, ikamwacha nyuma,
naye hakumwambia mtu.

Alikuwa ameshika gurudumu la binti mmoja, Oumou.
Dakika tano, alisema. Mnyororo huu kwanza.

Lori halikuingia. Tukaenda sisi.
Friji watu wanne, na kinyozi wa tano akiwa na mkasi mfukoni.
Mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa, kabeba mito.
Godoro likapita juu ya vichwa kama jeneza lililosahau maiti.
Mimi nilipewa boksi la sufuria; kila hatua lilinisengenya.
Kugan akapunguza muziki, kwa adabu.
Nazma, mke wa Shafiqul, mtoto mgongoni, akamgeukia:
ongeza. Kwani nani kafa?

Kochi tulilitua katikati ya barabara, tupumue.
Bibi Vasiliki akalikalia na sahani yake, akagoma kuinuka.
Lori lisubiri, alisema. Nami nimesubiri mengi.
Dereva akazima injini,
akaletewa kabichi,
akalia.

Kabla jua halijashuka walikuwa wamekwenda, watu watano,
kuelekea kaskazini, ambako basi hupita mara moja kwa saa.
Jean-Simon alisimama akikitazama kidude chake.
Hakina kitufe cha kupunguza.

Jumapili niliwasaidia kufagia.
Palikuwa na nati moja chini ya ngazi, nikaiweka mfukoni, ningali nayo.
Viti vya Bibi nilivihesabu: sita.
Nikamwambia, kimoja kimeibwa.
Hapana, alisema. Kilipanda lori, nilikifunga mwenyewe, na utepe wake.
Umewauzia?
Akanijibu neno moja kwa lugha yake, nikalisikia kwa yangu:
bure.
Sikumuuliza ipi.