Lita Nne na Nusu

Wasuna alinikatia vioo kutoka mabaki ya dirisha la benki,
vipande vitano, kingo zimesuguliwa zisinikate,
akaviunganisha kwa gundi, akacheka:
"Shangazi, hili ni ziwa au bakuli la sukari?"
Ishirini kwa kumi na tano kwa kumi na tano.
Lita nne na nusu, ukilijaza hadi mdomoni.
Sitalijaza hadi mdomoni.

Miaka thelathini na mmoja nilichora ramani za mashamba
katika chumba cha nyuma, hapa hapa Kisumu,
Seme, Nyakach, Kano,
kila ndugu na kipande chake, kila kipande na namba,
wino mweusi ukipita katikati ya mgomba wa mtu.
Sasa nina karatasi ya miraba, penseli niliyoichonga kwa wembe,
na sina wa kumgawia.

Jiwe kwanza. Moja tu.
Nililiokota nikishuka Riat, ngumi ya mtoto wa darasa la kwanza,
lina mshipa mweupe begani.
Lisikae katikati; katikati ni pa sanamu na wanasiasa.
Liwe thuluthi ya kushoto, liiname kidogo
kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Nyuma yake mzizi wa mpera, niliouchemsha mara tatu
hadi maji yakaacha kuwa chai.
Chini, udongo mweusi wa Ahero, ule unaonyang'anya watu viatu:
vidole viwili nyuma, kimoja mbele,
ili jicho lipande mlima bila kujua kwamba linapanda.

Majani. Hapa ndipo ninapofuta sana.
Yale marefu kama utepe yatalala juu ya maji kama walevi.
Ukoka wa maji, basi, mashina tisa,
nitayachomeka kwa kibano cha nyusi.
Na ile sufu ya kijani iliyoota nyuma ya tangi, kiasi cha kufunika sarafu.
Lile la ua la zambarau, hapana.
Liko pale nje, limejipimia ghuba nzima
bila mpima ardhi, bila shahidi.

Kila jani la ziwani litaoga kwanza maji ya chumvi.
Sitaki konokono. Obura, kaka yangu,
alikojoa damu akiwa na miaka tisa
akadhani amekuwa mtu mzima.

Khayesi wa mlango wa pili huja na biskuti baada ya shule.
"Samaki yuko wapi?"
Hakuna samaki. Humu angekuwa mfungwa aliyepewa bustani.
Labda ochong'a, wale kamba wepesi kama kope, watatu.
"Lini?"
Wiki ya sita, maji yakishajifunza kuwa maji.
"Kwa hiyo sasa kuna nini?"
Kuna mpango.
Akatafuna, akatazama kioo kikavu upande huu na upande ule.
"Mpango hauogelei."

Jumamosi nikamimina, juu ya kisahani, polepole,
maji ya mfereji yaliyolala kwenye beseni usiku kucha.
Hayakujali kisahani.
Nyando yote ya mwezi wa nne ikaingia mezani pangu,
jiwe likazama katika chai ya maziwa,
mlima wangu, thuluthi zangu, vidole viwili na kimoja.
Nikazima taa, nikaenda kulala na matope kwenye kucha.

Asubuhi tope lilikuwa limeshuka hadi begani mwa jiwe.
Niliuona ule mshipa.
Mashina mawili ya ukoka yameng'oka, yanaelea
kona ya kulia, kona pekee niliyoiachia maji,
penye herufi zangu ndogo kwenye karatasi: *wazi*.
Nikachukua kibano.
Nikakirudisha kwenye kikombe.
Nikafuta neno.