Picha Hupigwa

Kwetu picha hupigwa, kisha husafishwa,
kama nguo ya mtoto aliyecheza topeni.
Mimi nilikuwa wa kusafisha.
Chumba cha giza cha Jivraj, Barabara ya Kumi, Ngamiani:
taa nyekundu, beseni tatu za plastiki,
harufu ya dawa iliyogoma kutoka vidoleni
hata siku ya Idi, hata juu ya biriani.

Wa kupiga alikuwa Hemedi Shekiondo,
mpishi wa meli iliyobeba katani.
Alituletea filamu ndani ya kopo la kahawa,
kila mkanda umezungushiwa plasta, juu yake jina la bandari:
Kolombo. Chitagongi. Ranguni.
Kochi, nami nikadhani ni kiti.

Nikatikisa beseni, Asia ikaja taratibu,
kwanza weusi wake, halafu kilichouzunguka weusi.
Ukaja mlima uliokatwa ngazi za mpunga hadi kilele,
kila ngazi imeshika maji, kila maji yameshika wingu.
Akaja mzee anayechunga bata mia kwa kibendera cha kitambaa.
Wakaja watawa wadogo, vipara, na bakuli zao,
mmoja kapiga chafya, uso wake ukungu mtupu.
Nikazianika zote kwa vibanio
na nchi za watu zikachuruzika sakafuni petu.

Halafu yule mwanamke.
Mkanda wa nne, picha ya kumi na tisa.
Kachuchumaa kando ya maji mazito,
mbele yake makumbi, mkononi rungu limeinuliwa.
Hatabasamu. Anamtazama Hemedi
kama umtazamavyo mtu aliyekuzibia mwanga.

Nilitoa nakala mbili. Moja sikuiandika daftarini.

Mama yangu, kule Mwambani, mikono yake ilikuwa hiyo hiyo:
miezi makumbi yamelala katika tope la mikoko,
kisha kufukua, kisha kupiga, kupiga,
mpaka ganda likiri kwamba lilikuwa nyuzi.
Nikampa picha. Akaifuta kwanza kwa upindo wa kanga.
Nilitega sikio nisikie mashallah. Akasema:
"Huyu kayatoa mapema. Tazama, yanang'ang'ania.
Ana shida ya pesa huyu."
Kimya. Kisha: "Anaitwa nani?"

Hemedi aliporudi nikamuuliza.
Alikumbuka saa, alikumbuka jua lilisimama upande gani,
alikumbuka tundu la lenzi na bei ya filamu.
"Jina? Meli ilishapiga honi, dada."

Mwaka ule picha zake zikatundikwa maktaba ya mjini,
watu wakaja na viatu vya Ijumaa.
Chini ya yule mwanamke, kikaratasi kilichopigwa taipu:
Maisha ya Asili, Asia.
Mama alikuwa kasoma ngumbaru. Alifuata kwa kidole,
herufi moja moja, akafika mwisho, akarudi mwanzo.
"Asili?" akaniuliza, kwa sauti iliyogeuza shingo za watu.
"Kazi hii ina asili gani? Ni njaa tu, na ada ya shule."
Karani wa maktaba akacheka. Hemedi hakucheka.
Alichomoa kalamu, akayakata yale maneno,
akabaki kainamia ukuta, wino unakauka,
hana la kuandika badala yake.

Ya kwetu tuliitundika kwa kamba ya mama,
kati ya babu na harusi ya dada Mwanaiki.
Wageni wakiuliza, "Nani huyu?"
"Mwenzangu," mama hujibu, "ila yuko mbali,"
na kumimina chai.

Mama tumemzika. Chumvi ya Mwambani
imeshamla mwenzake uso, shavu moja, kisha jingine;
imebaki mikono, na rungu lingali juu.
Nami niliyewasafisha watu wengi vile
kuna asubuhi husimama hapo, ufagio mkononi,
nikisubiri lishuke.