Kijiti cha Ndani

Mimi ni seremala wa milango.
Vitanda pia, na madawati ya shule, na mwaka ule wa mafuriko
niliunda makabati ya msikiti bila malipo.
Selo sikuijua. Niliiona mara moja tu,
nyuma ya kikundi cha taarabu, harusini, Makorora,
bwana mmoja kaikumbatia
kama gunia la mchele mwaka wa njaa.

Hidaya Kihiyo alikuja nayo Barabara ya Kumi na Nne
ndani ya bajaji, imefungwa kwa kanga mbili,
akailaza kwenye vumbi langu la mbao.
"Fundi Semboja, inakoroma."
Akapiga. Sauti zikapita kama waungwana mlangoni,
mmoja, mwingine, mwingine,
hadi ikafika moja ya katikati
ikajikwaa, ikaguguma,
pikipiki isiyotaka kuwaka.

Alishabadili nyuzi: za chuma, za utumbo,
za Ujerumani zilizokula mshahara wa miezi mitatu.
Alishaihamisha kutoka Raskazone, kwenye chumvi,
hadi Muheza kwa shangazi, kwenye umande wa michungwa.
"Unataka isemeje?" nikamuuliza.
Akafikiri.
"Kama mtu anayekuita ukiwa chumba cha pili.
Hana haraka. Anajua umo."

Nikacheka. Halafu sikucheka.

Ndani yake, ukimulika tochi kwenye tundu,
kuna kijiti kimesimama. Hakina gundi, hakina msumari,
kimebanwa tu kati ya tumbo na mgongo.
Wanaousifu ule mwili unaong'aa
hawajui kama kipo.
Nikakitoa. Kilikuwa kifupi, kimelegea,
kimechoka kama mtu wa foleni.

Nikachonga cha mpingo: sauti ikawa kali, ikagombana na kila mtu.
Cha mninga: tamu, ila ya mtu aliyeshiba.
Cha mvule kilinuna tu.
Wiki tatu. Milango ya watu inasubiri,
Bwana Mhina kanitumia ujumbe ambao siwezi kuusoma mbele ya watoto.
Alhamisi nikaokota kipande cha mwangati
kilichobaki kwenye fremu ya dirisha, mbao ya Lushoto,
nyuzi zake zimenyooka kama nywele zilizochanwa asubuhi.
Nikakigonga kwenye jino.
Kikanijibu ndani ya sikio.

Jumamosi, baada ya Isha, ukumbi wa juu wa maktaba.
Viti vya plastiki hamsini, watu thelathini na wawili.
Hidaya akaomba feni zizimwe.
Joto likaja likaketi nasi, safu ya mbele.
Sijui jina la alichopiga; liliandikwa kwenye karatasi
nami sikuchukua miwani.
Najua kwamba ngumi yangu ya kulia ilijikunja yenyewe
ikiingojea ile sauti.

Ikaja. Na ikakoroma.
Kidogo, si kama zamani,
kama mgeni anayesafisha koo nje
kabla hajapiga hodi.
Hidaya hakuikimbia. Akaibana kwa magoti,
akaikazia upinde, akaishikilia,
akaishikilia, hadi miguu ya kiti changu ikahisi,
na huko nyuma mama mmoja mwenye mtoto mapajani
akaitika kwa sauti:
"Abee!"

Watu wakageuka. Hata yeye mwenyewe akageuka
kumtafuta aliyemwita.

Ngazini, makofi yamekwisha, vidole vyake vinanuka ulimbo,
Hidaya akanishika mkono wa shati.
"Umesikia?"
"Nimesikia. Na yule mama kasikia."
"Yule alikuwa anasinzia. Kesho nakuletea.
Kisogee unene wa ukucha, upande wa upinde."
Nilitaka kumwambia aache, ashukuru, alale.
Lakini hata mimi nilikuwa nimeusikia, ule ukucha.
"Lete mapema," nikasema, "kabla joto halijapanda."

Nyumbani nikasukuma mlango niliouunda mwenyewe,
mwaka wa ishirini huu unalia bawaba ya juu.
Nikaufunga. Nikaufungua tena, polepole.
Tena.
Kutoka chumba cha pili mke wangu akauliza
kama naingia au natoka.